Maji na Baruti: Juu ya Kuijaribu Silaha kabla ya Kuitegemea

Lugha yetu ina neno zuri juu ya bunduki iliyoshindwa kulia. Hatusemi imeharibika, wala imevunjika, twasema imekataa. Ni kana kwamba chombo kile kina nia yake, na mwenye kukishika hana budi kukibembeleza. Neno hili halikuzuka bure. Lilizaliwa kwa watu walioishi na silaha ambazo leo hulia na kesho hunyamaza, na ambao mara nyingi uhai wao ulitegemea jambo moja tu: je, itakubali? Makala hii yahusu swali hilo, jinsi lilivyoulizwa na kujibiwa katika Nyanda za Juu Kusini, yaani nchi ya Iringa, Njombe na Mbeya, tangu siku za gobore hata bastola ndogo ya leo ambayo mtu huificha chini ya koti lake. Naandika nikiwa Iyunga, upande wa magharibi wa Mbeya, mahali ambapo mvua huanza Novemba na haiishi mpaka watu wameichoka. Na msomaji ataona punde kwamba mvua si jambo dogo katika habari hii.

Tuanze na maneno. Kamusi za zamani zimetuhifadhia msamiati wa bunduki ambao vijana wa leo hawaujui. Ilikuwako bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe la kiberiti lililopigwa na chuma. Ikaja bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote mbili zilikuwa ni za kushindiliwa kwa mbele, na kwa hiyo ziliitwa magobore, au korofindo. Mwisho ikaja bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi kwa nyuma, baruti na fataki na risasi vikiwa vimefungwa pamoja katika kikopo kimoja cha shaba. Mtu asiyezingatia ataona hapa majina matatu tu ya chombo kimoja. Kwa hakika ni silaha tatu mbalimbali, na tofauti yake kubwa si nguvu wala umbali wa kupiga. Tofauti yake kubwa ni kiasi gani mtu aweza kuziamini.

Fikiri kazi ya kulishindilia gobore. Mtu humimina baruti mtutuni, akatia kitambaa au makumbi, akashindilia kwa mdeki, akatia risasi, au vipande vya chuma, au hata kokoto akikosa vyote viwili, akashindilia tena. Kisha, ikiwa ni bunduki ya gumegume, hutia baruti laini kidogo katika kisahani kilicho kando ya mtutu. Jiwe likipiga vizuri, cheche huanguka kisahanini, moto hupita katika tundu jembamba, na bunduki hulia. Kila hatua katika hizi yaweza kukataa. Jiwe limechakaa, tundu limezibwa na masizi, upepo umepeperusha baruti ya kisahani, na adui mkubwa kupita wote, maji. Baruti ya zamani hunywa unyevu wa hewa kama chumvi inywavyo. Usiku mmoja wa ukungu wa Uporoto watosha kuifanya uji mweusi usiofaa kitu.

Basi mwenye gobore alilijaribuje? Njia ya hakika ilikuwa moja: kulipiga. Akishuku kwamba baruti imelowa, sharti aipige au aitoe yote kwa taabu na kushindilia upya. Lakini hapa pana jambo ambalo wanahistoria wengi hulipita haraka. Baruti ilitoka pwani, ikachukuliwa vichwani mwendo wa miezi, na bei yake iliongezeka kila kambi. Kila jaribio lilikuwa ni mali iliyogeuka moshi. Tajiri, mtu wa misafara au mtu wa baraza la mtemi, aliweza kujaribu bunduki yake mara kumi. Maskini alilijaribu la kwake siku ya vita. Uaminifu wa silaha, kwa hiyo, ulikuwa ni wa daraja, sawasawa na nguo na nyama.

Na kabla bunduki hizo hazijafika pwani, kulikuwa na majaribio mengine, ya mbali, ambayo mnunuzi wa Usangu au Uhehe hakuyaona. Huko Uingereza, chama cha mafundi wa bunduki wa London kilipewa hati yake mwaka 1637, na nyumba ya kujaribia mitutu ya Birmingham ikawekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Fundi alipeleka mtutu wake, ukashindiliwa baruti kupita kiasi cha kawaida, ukapigwa; usipopasuka, ukatiwa muhuri. Hilo ni jaribio la nguvu ya chuma. Halisemi lolote juu ya jiwe, wala tundu, wala baruti itakayotumiwa miaka thelathini baadaye chini ya mvua ya Rungwe. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kuziacha bunduki za kushindilia baada ya mwaka 1866, mamia ya maelfu ya silaha kuukuu zilitafuta mnunuzi, na nyingi zilimpata kwetu. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zaingia Afrika ya Mashariki kila mwaka.

Miaka miwili baadaye, Julai 1890, mataifa yalitia sahihi Mapatano ya Brussels. Yalisemwa kuwa ni ya kukomesha biashara ya watumwa, na kwa sehemu ni kweli. Lakini yalikuwa pia na vifungu juu ya silaha. Bunduki za usahihi, zenye mtutu wa mifuo na za viasi, zilikatazwa kuuzwa kwa wenyeji kutoka kusini ya Sahara hata karibu na mto Limpopo. Bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida ya biashara, zikaachiwa mlango. Naomba msomaji ayatazame mapatano hayo kwa macho ya mtu wa Nyanda za Juu. Hayakumnyang'anya silaha. Yalimwachia ile inayokataa.

Nchi yenyewe ilikuwa katika vita. Mwaka 1877 Mwingereza James Frederic Elton, aliyekuwa balozi huko Msumbiji, alipita kutoka ziwa Nyasa, akavuka uwanda wa juu ambao kwa muda mrefu uliitwa kwa jina lake na sasa waitwa Kitulo, akashuka Usangu. Huko alimkuta Merere, mtemi wa Wasangu, katika mapigano na Wahehe wa Munyigumba, naye pamoja na wenziwe wakaingia vitani upande wa mwenyeji wao. Bunduki chache za viasi, zilizo safi na mikononi mwa watu waliozizoea, zilikuwa na uzito kuliko wingi wake. Elton mwenyewe hakuishi kuona matunda ya safari yake. Alikufa kwa homa huko Ugogo, Desemba mwaka uo huo. Lakini mafunzo ya vita vya namna hiyo hayakupotea kwa Wahehe. Walijua kwamba bunduki nzuri haishindwi kwa bunduki mbovu. Yapasa ishindwe kwa kitu kingine.

Kitu hicho kilionekana Lugalo, mashariki ya Iringa, tarehe 17 Agosti 1891.

Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, alipanda Uhehe na kikosi cha askari wapatao mia tatu hivi, wapagazi, mizinga na bombomu. (Bombomu ndilo jina askari walilozipa bunduki za rashasha, na kwa sikio langu ni bora kuliko la sasa.) Askari wake walikuwa na bunduki za viasi za Mauser, za namna ya mwaka 1871. Hapana shaka zilikuwa zimejaribiwa. Kiwandani zilijaribiwa, kambini zilijaribiwa, na njiani, katika tembe za watu waliochomewa nyumba, zilijaribiwa pia. Mizinga ilifunguliwa vipande vipande na kupakizwa juu ya punda. Msafara ukanyooka katika njia nyembamba kati ya mawe na vichaka, bila ya wapelelezi wa kutosha kandokando. Yasimuliwa kwamba afisa mmoja alimpiga ndege risasi, na mlio ule ukawa kama ishara: Wahehe waliokuwa wamejilaza majanini wakainuka na mikuki yao. Wale waliookoka walitoa habari kwamba askari wengi hawakupata nafasi ya kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Kwa muda mfupi, pengine dakika kumi, sehemu kubwa ya kikosi ilikuwa imekufa, pamoja na Wadachi kumi na mkuu wao.

Juu ya kifo cha Zelewski kuna simulizi linalohusu moja kwa moja maneno yetu. Yasemwa alikuwa amepanda punda, kwamba aliwapiga watu watatu kabla ya kijana, wa umri wa miaka kumi na sita hivi, kumchoma mkuki. Na kwamba kijana huyo alipewa ng'ombe watatu kwa kazi ile. Sina haja ya kushindana na simulizi juu ya hesabu ya ng'ombe. Ninalotaka msomaji alione ni hili: silaha ya Nyundo haikukataa. Mara tatu iliambiwa lia, na mara tatu ililia. Mtu angaliijaribu kwa risasi elfu, angalisema ni silaha ya kutegemewa kabisa, na angalikuwa amesema kweli. Kilichokuwa hakijajaribiwa ni mambo yaliyoizunguka: ni hatua ngapi ziko kati ya mkono na kijiti cha nyasi, ni muda gani unahitajiwa kuichomoa, kuielekeza na kupiga, na ni watu wangapi waweza kuinuka katika muda huo. Mkuki wa Mhehe nao ulikuwa ni silaha iliyojaribiwa. Haunywi unyevu, haukwami, na hauhitaji fataki.

Wahehe waliteka bunduki zipatazo mia tatu, na mizinga pia. Hapa ndipo historia yafanya jambo la kustaajabisha. Mtu angedhani kwamba miaka mitatu baadaye, gavana von Schele alipoishambulia boma ya Kalenga, bunduki hizo zingemlaki ukutani. Hazikufanya hivyo kwa kadiri iliyotazamiwa. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilivunjwa, na humo ikakutwa akiba kubwa ya baruti, pamoja na sehemu ya zile silaha za Lugalo. Wapo waandishi wa Kizungu waliolieleza jambo hili kwa dharau, kwamba wenyeji hawakujua kutumia chombo cha kisasa. Juu ya mizinga yaweza kuwa kweli. Juu ya bunduki, naona kuna sababu iliyo wazi zaidi. Bunduki ya viasi isiyo na viasi ni gongo. Viasi vyake havikutengenezwa Uhehe, wala havikuuzwa Kilwa kwa mtu asiye na kibali. Vilivyotekwa vilihesabika, na kila kimoja kilichopigwa kwa kujaribu au kwa kujifunza kilipungua katika hesabu. Gobore, kwa upande wake, lilikula chochote. Mkwawa na majemadari wake walikuwa na silaha bora wasiyoweza kuilisha na silaha duni waliyoweza kuilisha. Walitumaini zaidi kuta za mawe. Sisemi walichagua vizuri. Nasema walikuwa wakipima.

Vita viliendelea maporini miaka minne zaidi. Kapteni Tom von Prince alijenga kituo cha Iringa mwaka 1896, na msako ukawa ni wa mtu mmoja. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi kabla ya sajini Merkl kumfikia. Bunduki ile haikukataa.

Sasa nafika mahali ambapo mazungumzo juu ya kuamini na kujaribu huwa magumu, na ambapo wanafunzi wangu hucheka mapema mno. Ni habari ya maji.

Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ametoa dawa ya maji, na ilisemwa kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji, au zitateleza mwilini kama matone. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini dawa ilikuwa imekwisha safiri. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge mchana kweupe, uwanja ukiwa wazi, mbele ya bombomu. Septemba ikafika Ubena: tarehe 19 mwezi huo Wabena waliishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe, na wakarudishwa nyuma kwa bunduki chache zilizokuwa ndani.

Wasomi wengi wamelieleza jambo hili kwa upande wa umoja, kwamba maji yaliwafunga pamoja makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja. Ni maelezo mazuri, na Gwassa na Iliffe walipoyakusanya masimulizi ya wazee na kuyatoa mwaka 1968, na Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjekitile iliyotolewa mwaka 1969, fikira hiyo ndiyo iliyotawala. Lakini naona bado kuna swali ambalo umoja haulijibu: kwa nini maji, na kwa nini risasi? Kwa nini si moshi, au majivu, au kifungo cha kamba?

Nadhani jibu limo katika gobore. Watu wa nchi hizi walikuwa wameijua bunduki kwa muda wa vizazi viwili au zaidi, na bunduki waliyoijua ilikuwa ni ile iliyozimwa na maji. Hawakusikia habari hizo kwa waganga. Waliziona kwa macho. Mvua ikinyesha, bunduki hukataa. Mwindaji aliyevuka mto na baruti yake ikilowa alirudi mikono mitupu. Kusema kwamba maji yaweza kuishinda bunduki kulikuwa, kwa mtu wa mwaka 1905, ni kusema jambo alilolishuhudia mara nyingi. Mganga aliongeza sehemu moja tu: kwamba maji haya, yakiwa juu ya mwili wako, yatafanya kwa mbali yale ambayo mvua hufanya kwa karibu. Ni hatua kubwa, lakini haikuanzia gizani. Yale yaliyobadilika bila ya kutangazwa ni bunduki yenyewe. Kiasi cha shaba cha Mauser kilikuwa kimefungwa, na mvua ya Mahenge haikuingia ndani yake. Watu walikuja na elimu ya kweli juu ya silaha ambayo haikuwako tena mbele yao.

Lakini je, dawa ilijaribiwa? Hapa ndipo pana msiba. Dawa ya maji ilikuwa na miiko: mtu asikaribie mwanamke, asipore mali, na mengine kama hayo. Mtu akianguka, ilisemwa amevunja mwiko. Kwa hiyo hapakuwa na jaribio lolote ambalo lingeweza kusema hapana. Gobore likikataa, waweza kulitazama jiwe, tundu na baruti, ukajua kosa liko wapi, kesho ukarekebisha. Dawa ikikataa, kosa liko kwa maiti, na maiti haulizwi. Silaha isiyoweza kushindwa katika jaribio ni silaha isiyoweza kujaribiwa, na aliyeichukua vitani alijifunza habari zake mara moja tu. Serikali ya Kidachi ilihesabu watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofuata wamekadiria hata 250,000 na kuzidi, walio wengi kwa njaa iliyoletwa makusudi kwa kuchomwa ghala na mashamba.

Wahehe hawakuingia. Merere na Wasangu wake walikuwa upande wa serikali, na kapteni Nigmann wa Iringa aliwachukua Wahehe wenyewe kwenda kuiokoa Mahenge. Sababu za siasa ni nyingi, na sitaki kuzipunguza: uchovu, uadui wa zamani, watawala waliowekwa na Prince. Walakini moja yapasa itajwe. Kati ya mwaka 1891 na 1898 Wahehe walikuwa wameijaribu bunduki ya Mdachi kuliko watu wengine wote wa nchi hii, katika mvua na katika kiangazi, na walijua hasa inafanya nini. Mjumbe wa maji alipofika, aliwakuta watu wenye kipimo mikononi.

Wakati uo huo, upande wa pili wa dunia, Wamarekani walikuwa na taabu iliyofanana na ya Zelewski. Katika vita vyao na Wamoro wa kusini ya Ufilipino, maafisa waliona kwamba bastola zao ndogo zalia vizuri lakini hazimsimamishi mtu anayekuja mbio na panga. Wakatafuta bastola mpya, na Machi 1911 kamati ya jeshi ikazishindanisha mbili, moja ya Colt iliyobuniwa na John Browning, na moja ya Savage. Kila moja ilipigwa risasi 6,000. Ilipopata moto hata haishikiki, ilitumbukizwa majini ipoe, kisha kazi ikaendelea. Ya Savage ilikwama mara 37. Ya Colt haikukwama hata mara moja, na mwezi ule ule ikachukuliwa na jeshi. Ni jambo la kupendeza kwa mtu wa Maji Maji kuona kwamba miaka sita tu baada ya Mahenge, maji yalitumiwa kuwa sehemu ya mtihani wa silaha, wala si kinga yake.

Hata hivyo jaribio la risasi 6,000 ni la serikali tajiri. Vita vya mwaka 1914 viliwaonyesha Wadachi wenyewe maana ya kukosa. Vilipoanza, makampuni mengi ya askari wao yalikuwa bado na zile Mauser za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi mwingi. Tanga, Novemba 1914, kila askari aliyepiga alijitangaza kwa wingu jeupe juu ya kichwa chake. Ushindi wa Tanga uliwapatia mamia ya bunduki mpya za Kiingereza, bombomu 16 na risasi zaidi ya nusu milioni. Na tangu hapo jeshi la von Lettow-Vorbeck liliishi kwa kiasi kikubwa juu ya mali ya adui.

Kisha Aprili 1915 ikaja meli Rubens, iliyojifanya kuwa ya Kidenmarki kwa jina la Kronborg. Ilifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikaingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa mizinga na kuzama katika maji machache. Ndani yake mlikuwa na bunduki za kisasa na risasi milioni kadhaa. Wapiga mbizi wakavitoa vitu, siku baada ya siku, na risasi zikapandishwa pwani zikitiririka maji ya chumvi.

Hii kwangu ndiyo sura bora kuliko zote katika historia hii yote, ingawa haina mapigano. Risasi zilizolowa zilifunguliwa moja moja kwa mkono. Baruti ilitolewa, ikaanikwa. Fataki zilizoharibika zikabadilishwa. Kisha vyote vikafungwa tena. Halafu zikapigwa kwa kujaribiwa, fungu kwa fungu, na ikahesabiwa ni ngapi zimekataa. Fungu lililokataa sana lilipelekwa kwenye mazoezi ya shabaha, lililokubali likapelekwa vitani. Lettow-Vorbeck ameieleza kazi hiyo katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1920, na aonekana kuiona kuwa ni kazi ya kawaida ya kambi. Lakini waliokaa chini ya miti wakifungua viasi kwa maelfu walikuwa ni watu wetu, askari na vibarua, na yawezekana miongoni mwao walikuwako waliokuwa vijana mwaka 1905. Majina yao hayakuandikwa. Wao ndio waliofanya kwa maji na baruti lile ambalo mganga hakuweza: wakaruhusu jibu liwe hapana, wakalihesabu.

Silaha zile zilifika Nyanda za Juu. Mei 1916 jenerali Northey aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akaishika Tukuyu, iliyokuwa ikiitwa Neu Langenburg. Julai akapigana Malangali. Tarehe 29 Agosti akaingia Iringa. Majeshi ya Wahle yaliyotoka Tabora yakapita katikati yake miezi ya Oktoba na Novemba, mwanzo wa mvua, na kikosi kimoja kikajisalimisha Ilembule. Mwaka uliofuata, Novemba 1917, askari wa Lettow-Vorbeck waliiteka Ngomano ya Wareno, wakatupa silaha zao zilizokwisha na kuchukua za Kireno. Waliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, karibu bunduki zote walizoziweka chini zilikuwa ni za Kireno na za Kiingereza. Jeshi zima lilikuwa limebadili silaha, kila mara kwa sababu ile ile: hii ina viasi, na ile haina.

Nimesema nitafika kwenye bastola ya leo. Sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyoshika nafasi ya ile ya zamani, yamtaka kila mwenye silaha awe na leseni. Na katika Mbeya, mji wa wafanya biashara na wa njia kuu ya Tunduma, wapo waliopewa. Wengi hupenda bastola fupi, kwa kuwa huchukuliwa bila kuonekana. Hawaambiwi mara kwa mara kwamba ufupi una bei. Katika bastola ya kujitia risasi yenyewe, sehemu ya juu hurudi nyuma kwa nguvu ya mlipuko, ikatupa kiasi kitupu, na ikirudi mbele huchukua kiasi kipya. Bastola ikiwa fupi, mwendo huo ni mfupi na wa haraka, springi ni ngumu, na nafasi ya kosa ni ndogo. Mkono ukilegea kidogo, au risasi ikiwa ya umbo lisilopendwa na chombo kile, hukwama. Kwa hiyo wajuzi husema isichukuliwe kwa kujilinda kabla haijapigwa shabaha mahali panaporuhusiwa, kwa risasi zile zile zitakazochukuliwa, kwa kila kasha lake la risasi, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, na kila kukwama kuandikwe: kulikuwa kwa namna gani, kwa kasha lipi, baada ya risasi ngapi. Wapo wasemao risasi 200 zatosha. Wapo wasioridhika mpaka 500.

Bei ya risasi 500 si jambo la mshahara wa mwalimu, wala wa wenye maduka wengi. Basi mambo hurudi pale pale pa mwenye gobore: hununua bastola, hupiga risasi tano au sita siku ya kwanza, akaifuta, akaiweka kiunoni, na hizo tano ndizo ushahidi wake wote. Risasi zilizobaki hukaa ndani ya kasha msimu mzima wa mvua, karibu na jasho la mwili, hutolewa na kurudishwa kila usiku mpaka vichwa vyake vimelegea. Viasi vya leo vimefungwa vizuri kuliko vya Mauser ya mwaka 1871, lakini havikufungwa milele. Na mwenye kutunza vizuri hapa Iyunga, mvua zikiisha mwezi wa Mei, huzipeleka zile za mwaka jana shabahani, akazipiga zote, akahesabu zilizokataa, ndipo akatia mpya.